Jibini Lisilolia

Mama alipotewa na pua mwaka juzi.
Homa iliondoka nayo, kama mgeni aliyetia kijiko mfukoni.
Kahawa, sabuni, sufi iliyolowa theluji:
vyote kwake sasa ni cha moto au cha baridi, basi.
Lakini masikio!
Sikio la kufa halisikii dawa;
la Mama lasikia soksi ikidondoka kwa jirani.

Ni Jumamosi ya Februari, Shawinigan,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Nimesukuma theluji ya manispaa usiku kucha,
nimekuja na viazi, na mifupa iliyochemka tangu jana,
na mfuko wa jibini, nao wa jana.
Hilo neno, jana, nimelikunja pamoja na risiti.

Maana mwanamke huyu alisimama miaka thelathini na mmoja
kwenye kibanda cha dirisha moja kando ya barabara,
Baba nyuma yake akimenya viazi ndani ya ndoo,
na hakuuza jibini la jana hata siku moja.
La jana tulikula sisi.
"Lisipolia kwenye meno ni maiti," alikuwa akisema,
"na mimi, Fernande Gélinas, siuzi maiti."

Nakata viazi, vinene kama kidole cha shahada.
Naviosha hadi maji yaache kujifanya maziwa.
Navikausha kwa taulo lenye picha ya jogoo.
Mafuta ya kwanza, moto wa upole:
viazi vinanong'ona
kama waumini kabla padri hajaingia.
"Toa," asema Mama, amenipa mgongo, anafuma.
Natoa. Vimepauka, vimelegea,
vinafanana na mimi saa kumi na moja alfajiri.
"Viache vipoe. Usivikodolee macho, Réjean, vinaona haya."

Siagi, unga, subira hadi rangi ya njugu,
kisha supu ya mifupa, kijiko kwa kijiko,
pilipili manga, siki tone moja.
Rojo likikamata mgongo wa mwiko
nachora mstari kwa kidole
na mstari unakaa.

Mafuta ya pili, moto mkali:
hapa hakuna mnong'ono, ni mvua ya mawe juu ya bati.
Inapiga, inapiga,
inaanza kuchoka.
"Bado."
Inachoka.
"Bado, nimesema."
"Sasa!"

Nikiwa nachuja, naiba bonge moja, natafuna.
Kimya.
Natafuna la pili. Kimya cha kanisa Jumatatu.
Basi natia bakuli kwenye maikrowevu, sekunde nane,
kama mtu anayemzindua aliyezimia,
na mashine, mbea mkubwa, inanguruma.
Sindano za Mama zinasimama.
Hasemi kitu.
Sindano zinaendelea.

Chipsi chini, jibini juu, rojo la moto juu ya yote,
mabonge yakilegea pembeni lakini moyoni bado magumu.
Anachukua uma. Anauma.
Nyiii.
Namsikia hadi upande wangu wa meza.
"Linalia, Mama."
"Linalia kwa sababu umelitesa."

Tunakula. Dirisha limeota ukungu.
Kisha, bila kuinua uso:
"Linanukaje?"
Mimi si mtu wa maneno, mimi ni mtu wa katapila.
Naweka uma chini.
Nasema: siagi iliyokaribia kuungua.
Nasema: Ijumaa usiku, dirisha la kibanda limefungwa,
noti zimelowa mafuta, mnazihesabu.
Nasema: mikono ya koti la Baba.

Anatafuna muda mrefu kuliko jibini linavyohitaji.

"Jumamosi ijayo," asema,
"fika kiwandani kabla ya saa mbili, liko bado vuguvugu.
Waambie ni langu."
Anasogeza sahani yake kwangu.
"Ongeza rojo. Umeniwekea la mgonjwa."